Ramani Isiyo na Mto

Kang'ethe alianza kusoma akiwa mtu mzima, ana mke na watoto wanaomshinda kuandika. Mchana alifunga makasha katika kiwanda kimoja cha matunda ya makopo pale Thika. King'ora kikilia, hakupita kilabuni wala hakusimama langoni kupiga gumzo. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa kanisa, mikono ingali inanukia nanasi, akaketi benchi la mbele, akainamisha kichwa na kuomba kimoyomoyo, "Bwana, nifungue akili." Kisha alitoa penseli aliyoichonga kwa kisu asubuhi.

Mwalimu wao, Dismas, alikuwa kijana mrefu kutoka upande wa Kakamega. Alikuwa na atlasi moja tu, tena jalada lake limeng'oka, na darasa zima liliizunguka kama watu wanaoota moto.

Somo la ramani ndilo lililomteka Kang'ethe kuliko yote. Hesabu zilimtoa jasho na Kiingereza kilimkwama kooni, lakini ramani! Kwamba mlima mzima waweza kukunjwa ukatiwa mfukoni, na mtu ambaye hajawahi kufika mahali akafikishwa pale bila mdomo kufunguliwa, jambo hilo kwake lilikuwa karibu na miujiza. Mwalimu Dismas aliwaambia kwamba ramani njema ina kichwa, ina kipimo, ina ufunguo wa alama zake, na ina mshale wa kaskazini.

"Na iwe safi," alisisitiza. "Ukichora matope, msomaji atasoma matope."

Kang'ethe alilishika neno hilo kama mtu anayeshika amri ya kanisa. Iwe safi.

Mwaka ulikuwa 1958, mwanzoni, na kule kwao, kwenye mgongo wa nchi ulio juu ya Ruiru, kamati ilikuwa imemaliza kugawa mashamba upya. Vipande vilivyotawanyika vilikusanywa, kila mtu akapewa shamba lake mahali pamoja. Pale palipokuwa zamani boma la Gachanja, kaka yake Kang'ethe, palimwangukia mtu anayeitwa Kagwe. Hakuna aliyenung'unika. Gachanja mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, na mjane wake, Waithira, alikuwa amepata kipande kizuri karibu na kijiji kile walichohamishiwa wakati wa Hali ya Hatari. Jambo moja tu lilimsumbua Waithira. Katika boma lile la zamani, miaka miwili kabla ya watu kuhamishwa na nyumba zao kuchomwa moto, alikuwa amemzika mtoto wake wa pekee, Ngendo, aliyekufa kwa surua. Gachanja na Kang'ethe ndio waliolichimba kaburi. Kang'ethe ndiye aliyeliwekea jiwe bapa upande wa kichwa, kwa mkono wake mwenyewe.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Waithira kwa jina lingine ila Mama Ngendo.

Kagwe hakuwa mtu mbaya. Aliposikia habari ya kaburi alipanda baiskeli mpaka Thika kumtafuta Kang'ethe. Alikuwa mtu mkakamavu, aliyepigana vita Burma na bado akitembea kama anakaguliwa.

"Nataka kuchimba mashimo ya kahawa," alisema. "Bwana shamba ameshapitisha. Lakini siwezi kumlimia mtu mtoto wake. Pale sasa pamekuwa majani matupu, na matuta yamechimbwa mapya. Kitu kilichobaki ni lile jiwe kubwa mlilokuwa mkinolea panga. Jumamosi uje uniwekee kidole mahali penyewe."

Jumamosi hiyo Mwalimu Dismas alikuwa ameahidi jaribio.

"Haina haja ya kidole," Kang'ethe alijibu, na alipolisema alijisikia mrefu kidogo. "Nitakuchorea ramani."

Kagwe alicheka kwa furaha. "Ramani! Bwana wee, ungeniambia mapema. Burma nilisoma ramani mpaka macho yakaniuma. Hata dira yangu ya jeshi ningali nayo. Nipe ramani, nami nitafika kama nimepigiwa mstari."

Jioni ile Kang'ethe alikaa mezani na karatasi. Alifumba macho, akajiona amesimama juu ya jiwe la kunolea, vile watu wa nchi ile husimama siku zote, uso umeelekea kule mito inakotoka, kwenye milima ya Nyandarua, na Ruiru na tambarare ziko mgongoni. Kwa hiyo ncha ya juu ya karatasi ikawa upande wa milimani. Alichora jiwe katikati. Mkono wa kuume wa jiwe, mwendo wa hatua thelathini, alitia msalaba mdogo. Alichora pia mto na njia ya wachota maji, lakini mto ulimpinda vibaya, penseli ikachafua, akafuta mpaka karatasi ikatoka manyoya. Akaitazama, akaona aibu. Mwalimu angeiona vipi?

Akachukua karatasi nyingine. Hii hakuitia mto wala njia. Jiwe, msalaba, kipimo, ufunguo, na juu kabisa mshale mzuri mwembamba uliotazama ncha ya karatasi, kama mishale yote aliyoiona katika atlasi. Pembeni yake akaandika: Kaskazini.

Mwalimu Dismas, ambaye hakuijua nchi ile hata kidogo, aliinyanyua mbele ya darasa. "Tazameni hii. Safi sana."

"Haiya, Kang'ethe atatuuzia mashamba yetu sasa," alisema Benta Aoko, mama mmoja aliyefua mashuka hospitalini na hakukosa neno la kusema. Watu wakacheka, na Kang'ethe naye akacheka, huku moyo umejaa kama kibuyu cha maziwa.

Ramani ilikwenda kwa Kagwe. Kang'ethe alifanya jaribio lake na kulipita. Baadaye alipata salamu kwamba kaburi limeonekana, limezungushiwa mawe, na Mama Ngendo anashukuru. Alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa kumpa elimu.

Wiki zilipita. Jioni moja mwishoni mwa Februari Mwalimu Dismas aliwatoa nje, nyuma ya ukumbi. Jua lilikuwa limeanza kuteremka upande wa Nyandarua. Alitandaza chini ramani ya uwanja wa kanisa.

"Leo tunajifunza kuilaza ramani ilale kama nchi inavyolala," alisema. "Benta, mnara wa kengele uko wapi kwenye karatasi?"

"Huu hapa, juu."

"Na mnara wenyewe?"

Benta aligeuza shingo. "Uko kule nyuma yangu."

"Basi?"

"Basi umeniibia mnara, Mwalimu. Urudishe."

Kicheko kilipotulia, Mwalimu aliizungusha karatasi polepole mpaka mnara wa kuchorwa ukawa upande mmoja na mnara wa mawe. "Mmeona? Karatasi haina kaskazini yake yenyewe. Ukichora umeelekea jua linakozama, basi juu ya karatasi yako ni magharibi. Mshale hufuata nchi. Haufuati karatasi."

"Kumbe! Na mimi nilidhani kaskazini hukaa juu siku zote kama dari ya nyumba," alisema Benta.

"Katika atlasi hukaa juu kwa sababu waliochora waliiweka pale. Lakini wewe ukichora shamba la baba yako umetazama kwingine, kisha ukabandika mshale kwa mazoea, utakuwa umechora mahali pengine na kupaita kwa jina la pale."

Kang'ethe alikuwa amesimama. Aliutazama mkono wake wa kuume kama kwamba ni wa mtu mwingine. Jua lilikuwa linazama upande wa Nyandarua. Upande wa milimani. Upande alioupa jina la kaskazini.

"Mwalimu," aliuliza, "na mtu akiisoma ramani kama hiyo kwa dira?"

"Dira itampeleka barabara mahali pasipo penyewe. Tena akiwa msomaji hodari, hata hatajua amepotea. Labda kama ramani ina mto au njia, hapo atashtuka. Atasema, mbona mto uko huku na karatasi inasema kule?"

"Na kama haina mto?"

"Basi maskini msomaji."

Benta alimkodolea macho. "Kang'ethe, mbona umekuwa kama mtu aliyemeza kokwa ya embe?"

Kichwani Kang'ethe alikuwa amesimama juu ya jiwe la kunolea pamoja na Kagwe na dira yake. Kagwe ameugeuza mshale kaskazini, kama askari mwema. Amekwenda mkono wa kuume wa karatasi, hatua thelathini, na mkono wa kuume wa karatasi sasa ni mashariki, chini, kuelekea Ruiru. Lakini Ngendo hakulala upande huo. Ngendo alilala kaskazini, pale pa usawa. Na pale, bila shaka, Kagwe amechimba mashimo.

Jumapili alipanda baiskeli kwenda Ruiru, na njia nzima aliomba awe amekosea hesabu. Alipitia Juja, mashamba ya mkonge pande zote mbili, akapanda mgongo wa nchi akiisukuma baiskeli kwa mkono. Shamba la Kagwe lilikuwa limepigwa mistari ya mashimo iliyonyooka kama askari wa gwaride, kila shimo na rundo la samadi ubavuni. Na chini ya jiwe la kunolea, upande wa Ruiru, palikuwa na mraba uliozungushiwa mawe, na ndani yake maua meupe, na kando yake Waithira amekaa amenyoosha miguu.

Macho ya Waithira yalikuwa yameingia ukungu siku hizi. Aliona mwanga na kivuli, basi. Alikuwa ameletwa kwa mkono na jirani yake, Wakonyo, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Huyo hapo msomi wetu!" Wakonyo alipaza sauti. "Mama Ngendo, shemeji yako amekuja na baiskeli na kalamu mfukoni."

Uso wa Waithira ulichanuka. "Shemeji! Kaa hapa. Nilisema nitakuombea kila nikija, na nimekuombea. Unajua tangu tuhamishwe sikuwahi kuongea naye? Sasa kila Jumapili baada ya ibada nakuja. Namwambia habari. Nimemwambia hata kwamba baba yake mdogo siku hizi anasoma."

Kang'ethe alikaa.

"Siku ya kwanza nilibishana na Kagwe," Waithira aliendelea, akipapasa majani ya ua moja. "Miguu yangu iliniambia tunateremka. Nikasema, Kagwe, mbona tunateremka, na Ngendo tulimlaza pa usawa? Akasema, mama, ramani hii ameichora Kang'ethe, na Kang'ethe ndiye aliyechimba. Nikasema basi, ni miguu yangu imezeeka. Siwezi kushindana na karatasi."

"Karatasi ni karatasi," alisema Wakonyo.

Kang'ethe alisema anakwenda kumsalimu Kagwe. Hakwenda. Alipanda mpaka kwenye jiwe la kunolea, akatazama milimani, akageuka mkono wa kuume na kutembea. Miguu yake haikuhitaji kuhesabu. Alipofika palikuwa na shimo, na ukingoni mwa shimo, limetupwa pamoja na udongo mwekundu, lilikuwa jiwe bapa. Aliligeuza. Alilijua kama mtu anavyojua jembe lake. Shimo lilikuwa limekomea pale kichwani, udongo wa chini haujaguswa. Mashimo mengine matatu yalikuwa yamelizunguka.

Alipiga magoti, lakini maneno ya sala hayakuja. Yalikuja maneno mengine: uliitwa uje uweke kidole.

Kagwe alimkuta pale. "Unakagua kazi? Miche inafika wiki ijayo. Mvua ikigusa ardhi tu, tunapanda."

"Kagwe," alisema Kang'ethe, na akasikia mdomo wake ukizunguka, "haya mashimo manne hapa, huwezi kuyaacha?"

"Kwa nini?"

"Naona tu kama udongo wake si mzuri."

Kagwe alichota udongo, akauponda kwa vidole. "Huu? Huu ni udongo wa kupaka mkate. Tena bwana shamba amehesabu mistari. Hapana, ndugu yangu, wewe endelea na ramani, udongo niachie mimi."

Kang'ethe alirudi Thika bila kusema. Njia nzima alijitetea mbele za Mungu kama mtu aliye mahakamani. Mama Ngendo ana amani, je, ni vyema kumwondolea amani? Mtoto yuko mbinguni, udongo ni udongo. Macho ya mama yake hayaoni, hatajua kamwe. Maneno yote yalikuwa ya kweli, na kila moja lilimkaa kifuani kama chakula kilichochacha. Kwa maana alijua mvua ikinyesha na miche ikashika mizizi juu ya Ngendo, haitakuwa tena kosa la mshale. Itakuwa ni yeye aliyenyamaza.

Jumatano palikuwa na ushirika wa ndugu waliookoka. Desturi yao ilikuwa mtu asimame aiweke dhambi yake mwangani mbele ya wote. Kang'ethe alisimama.

"Ndugu, Bwana amenionyesha kiburi ndani yangu. Amenipa elimu kidogo nami nikajivunia. Naitubu mbele zenu."

Walimkumbatia. Waliimba, wengine wakilia. Palikuwa na joto na mikono mabegani mwake, na kwa muda mfupi aliamini amekwisha kupona. Walipokuwa wanatoka, Benta Aoko, ambaye naye alikuwa wa ushirika ule, alimvuta mkono wa koti.

"Ndugu Kang'ethe, hicho kiburi chako kimemwangukia nani?"

"Ni mambo ya kati yangu na Bwana."

"Haya." Alifunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, bila haraka. "Umesamehewa upesi, sifa kwa Bwana. Ila aliyekosewa hata hatukumwona."

Kang'ethe alisimama barabarani watu wakimpita. Ndipo alipoona. Alikuwa ameungama kama alivyochora. Kichwa kilikuwepo, mshale ulikuwepo, kila kitu safi, na mto hakuutia.

Siku zilizofuata mawingu yalianza kukusanyika. Ijumaa jioni Mwalimu Dismas aliwakumbusha kwamba kesho ni mtihani wa cheti, mtu asichelewe. Kang'ethe alingoja watu watoke.

"Mwalimu, kesho sitakuja."

"Kang'ethe! Wewe? Una ugonjwa?"

"Nimeitwa mahali kuweka kidole," alisema. "Niliitwa zamani, sikwenda."

Jumamosi alifika shambani mawingu yamekaa juu ya Nyandarua kama masizi. Miche ilikuwa imefika, imefungwa kwa maganda ya migomba, imepangwa kivulini, na Kagwe na vibarua wake walikuwa wanaigawa shimo kwa shimo. Waithira, aliyetaka kuiwahi mvua, alikuwa kwenye mraba wake, anang'oa magugu kwa kupapasa, na Wakonyo anamkemea asing'oe ua.

"Mama Ngendo."

"Nani? Shemeji? Leo si Jumapili. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba." Aliivua kofia, akaishika kwa mikono yote miwili. "Mama Ngendo, Ngendo hayupo hapa."

Waithira alitabasamu, tabasamu la mtu anayefarijiwa. "Najua, shemeji. Yuko kwa Bwana."

Na ule ulikuwa mlango wa mwisho wa kutorokea, umeachwa wazi kabisa. Angesema amina, na ingekuwa amina ya kweli. Kang'ethe aliutazama mlango ule. Kisha alisema:

"Yuko kwa Bwana. Lakini mwili wake hauko hapa ulipokaa wewe. Uko kule juu, pa usawa, pale miguu yako ilipokwambia. Ramani niliichora vibaya. Mshale niliuweka upande usio wake. Kagwe alisoma vizuri, mimi ndiye niliyeandika uongo."

Mkono wa Waithira ulikuwa umeshika gugu, ukabaki umelishika.

"Umejua lini?"

Alikuwa ameomba swali hilo lisije. "Kabla ya ile Jumapili niliyokuja. Nilikaa hapa na wewe nikijua. Nimeona jiwe lake limetupwa. Kuna shimo la kahawa kichwani pake. Nilinyamaza."

"Ngai!" alisema Wakonyo taratibu.

"Nilisema nitakuombea," alisema Waithira, "na nikawa nakuombea, wewe umekaa hapo." Aliliachia gugu. "Hizi Jumapili zote nimekuwa naongea na nani, Kang'ethe?"

Kwa mara ya kwanza hakumwita shemeji.

"Na udongo, Mama Ngendo."

Upepo wa mvua ulipita katika maua. "Kagwe alikuita uje ukaonyeshe kwa kidole," alisema Waithira. "Aliniambia. Nikauliza, mbona haji mwenyewe? Akasema una masomo. Nikajivuna, unasikia? Nikawaambia watu, shemeji yangu hana nafasi, ana masomo."

Kang'ethe alinyoosha mkono amwinue. Waithira alikiona kivuli cha mkono, akajivuta nyuma.

"Kusamehe nitasamehe. Neno la Mungu linanidai. Lakini si leo, na usinishike. Wakonyo ndiye atakayenishika. Wewe tangulia, uwe unasema, nifuate sauti."

Kwa hiyo alitangulia. Kila hatua chache alisema, "Hapa, Mama Ngendo. Tunapanda sasa. Jiwe la kunolea hili hapa." Waithira aliliinamia jiwe akalipapasa mahali palipolika kwa panga za mumewe, akasimama. "Sasa mkono wa kuume," alisema Kang'ethe, lakini hakuwa amemaliza, na Waithira alikuwa amekwisha kugeuka, anakwenda mbele yake, Wakonyo akimkimbilia.

Kagwe alikuja akipiga kelele juu ya miche inayokanyagwa. Kang'ethe alimweleza palepale, wazi, kila kitu, na udongo mzuri aliousingizia. Kagwe alisikiliza, taya zimekaza.

"Nilikwambia uje," alisema mwishowe. "Kwa kidole, nilikwambia. Kazi ya dakika moja." Akatema mate pembeni. "Burma mtu angetuchorea ramani hivyo, tungemzika." Kisha aliisikia kauli yake mwenyewe, akamtazama Waithira aliyekuwa amepiga magoti ukingoni mwa shimo na jiwe bapa mapajani, akavua kofia. Aliwageukia vibarua. "Toeni miche hapa. Hili na haya matatu. Rudisheni udongo. Kwa mikono, sio kwa majembe."

"Na bwana shamba?" mmoja aliuliza.

"Bwana shamba atahesabu upya."

Walirudisha udongo. Kang'ethe alirudisha pamoja nao, amepiga magoti, na Waithira hakumkataza. Jiwe aliliweka Waithira mwenyewe. Kang'ethe aliposema atakwenda kuyang'oa yale maua ayahamishe, Waithira alitikisa kichwa.

"Yaache. Nilimpandia mwenyewe, nitamhamishia mwenyewe." Akafikiri kidogo. "Una karatasi?"

"Ninayo."

"Chora tena. Mimi nitakufa, na Kagwe atakufa. Chora hapahapa, mbele yangu."

Kang'ethe alikaa chini. Aliilaza karatasi juu ya kofia yake, akaigeuza na kuigeuza mpaka ikalala kama nchi ilivyolala. Alichora jiwe la kunolea na jiwe bapa. Alichora njia ya wachota maji na nyumba ya Wakonyo iliyoonekana kule kijijini. Mvua ilianza kudondoka, tone moja likaangukia karatasi likafanya doa, na hakulifuta. Mshale aliuweka mwisho, baada ya kutazama mahali jua lilipokuwa nyuma ya mawingu. Ulielekea ubavuni mwa karatasi, vibaya, kama mti ulioanguka.

"Umemaliza?"

"Karibu."

"Mto umeutia?"

"Naupinda," alisema Kang'ethe. "Hapa unapinda sana."

"Upinde basi," alisema Waithira, na akakaa karibu na jiwe kungoja, uso wake umeelekea mahali mto ulikokuwa unasikika.